Laptopu inachemka kwenye gemu: usafishe, ubane fremu, upunguze volti au ununue stendi ya feni?

Dakika kumi za mwanzo gemu linakwenda vizuri tu. Kisha feni zinaanza kuunguruma, vitufe vya W, A, S na D vinapata moto hadi vidole vinavikwepa, na fremu, yaani picha zinazochorwa kwenye skrini, zilizokuwa 90 kwa sekunde zinaporomoka hadi 40, zinapanda, zinaporomoka tena. Ukiuliza watu, wa kwanza atakwambia ununue stendi yenye feni. Wa pili atakwambia ubadilishe pesti ya prosesa, ule mpako laini unaopitisha joto kutoka kwenye chipu. Wa tatu atakucheka kwa kuchezea magemu kwenye laptopu. Kila mmoja anasimulia kilichomfaa yeye, kwa mashine yake.

Mimi nilianza na stendi. Ilikuwa na feni tano na taa za bluu, ilipiga kelele usiku kucha, na joto lilishuka nyuzi mbili, labda tatu. Siku nilipofungua kifuniko cha chini nilikuta kati ya feni za laptopu na mapezi ya shaba (vibati vyembamba vya kutolea joto) pamelala vumbi lililoshikana kama kipande cha blanketi. Feni zangu tano zilikuwa zikipuliza kwenye mlango uliofungwa. Tangu hapo simshauri mtu njia yoyote kabla hajajua joto lake linakwama wapi.

Kwanza pima, kisha tumia kiganja

Karibu umeme wote unaoingia kwenye prosesa na kwenye chipu ya michoro huishia kuwa joto. Joto hilo linatoka kwenye chipu, linavuka tabaka jembamba la pesti, linaingia kwenye mabomba bapa ya shaba, linafika kwenye mapezi pembeni mwa mashine, na hapo feni inalipuliza nje. Mabomba hayo yana uwazi ndani, na humo mna maji kidogo sana yanayogeuka mvuke upande wa chipu, mvuke unaopoa kwenye mapezi na kurudi kuwa maji. Laptopu nyingi za magemu zina prosesa na chipu ya michoro zinazotumia mabomba yale yale, ndiyo maana moja ikielemewa nyingine nayo hupanda joto hata kama kazi yake ni ndogo.

Programu ya HWiNFO inaonyesha joto la kila kiini cha prosesa. Nyingine, MSI Afterburner, inaandika joto na fremu juu ya gemu lenyewe. Cheza dakika 20 ukiangalia, maana dakika tano za kwanza shaba bado inameza joto na namba zinadanganya. Prosesa nyingi za Intel za laptopu zina ukomo wa nyuzi 100, nyingi za Ryzen za AMD 95, na chipu za michoro za Nvidia kwa kawaida hujibana mapema zaidi, kabla ya kufika 90. Kujibana ni chipu kujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Kwa hiyo prosesa iliyo kwenye nyuzi 88 huku fremu zimetulia haina ugonjwa, hata kama namba inatisha. Ugonjwa ni joto kugota kwenye ukomo huku fremu zikianguka.

Sasa weka kiganja kwenye tundu la kutolea hewa, gemu likiendelea. Feni zinaunguruma lakini hewa inayotoka ni kidogo? Njia imeziba, ni vumbi. Hewa ni nyingi ila ni vuguvugu tu, na programu inasema prosesa iko 97? Joto halitoki kwenye chipu kufika kwenye mapezi: pesti imekauka au shaba haijakaa sawa. Hewa ni nyingi na ya moto kweli? Mfumo wa kupooza unafanya kazi yake yote, ila unaletewa joto kuliko uwezo wake. Mwenye hali hii ya tatu akifungua mashine kubadilisha pesti atakuwa anatwanga maji kwenye kinu.

Kusafisha au kubadilisha pesti?

Watu huzichukulia hizi mbili kama kazi moja kwa sababu zote zinaanza na bisibisi, lakini uzito wake haulingani. Kusafisha ni kufungua kifuniko, kuchomoa waya wa betri, kuondoa vumbi na kufunga. Kubadilisha pesti ni kung'oa mfumo mzima wa shaba juu ya chipu na kuurudisha ulivyokuwa. Ya kwanza mtu yeyote mwenye subira anaiweza. Ya pili inasamehe makosa machache.

Kwa hiyo, kama kiganja hakijakuambia vingine, anza na vumbi. Kupuliza hewa ya kopo kupitia tundu la nje bila kufungua mashine ni nafuu ya wiki chache tu: lile blanketi linarudi nyuma kuelekea kwenye feni, kisha feni hiyo hiyo inalirudisha kwenye mapezi. Ukifungua, zuia mapanga ya feni kwa kijiti cha mbao au kidole kabla ya kupuliza, yasizunguke kwa kasi ambayo hayakuundiwa. Mashine ya kunyonyea vumbi ya nyumbani iache mbali na bodi kwa sababu ya umeme tuli.

Pesti ni suala la umri na la dalili. Chipu za laptopu hazina kofia ya chuma kama nyingi za kompyuta za mezani. Pesti inakaa juu ya silikoni yenyewe, na kila mashine inapopata moto na kupoa, inasukumwa kidogo kidogo pembeni hadi katikati pabaki pakavu. Dalili nyingine ni kiini kimoja cha prosesa kuwa cha moto kuliko wenzake kwa nyuzi 10 au 15 wakati wote wana mzigo sawa.

Ukiamua kubadilisha, una machaguo matatu. Pesti ya kawaida nzuri, kama Arctic MX-6, inapatikana kirahisi na haipitishi umeme, ila kwenye chipu zisizo na kofia itasukumwa tena baada ya muda. Karatasi inayoyeyuka, maarufu ikiwa PTM7950 ya Honeywell, ni ngumu ikiwa baridi, hulainika karibu na nyuzi 45, kisha hujaza kila mwanya na kubaki pale pale kwa muda mrefu. Chuma cha majimaji kinapitisha joto kuliko zote na Asus hukiweka kiwandani kwenye baadhi ya laptopu zake za ROG, lakini kinapitisha umeme na kina gali, ambayo hula alumini. Tone moja likidondokea kwenye bodi limekumalizia mashine. Mimi ningechukua karatasi. Chuma cha majimaji ningewaachia waliokuwa nacho tangu kiwandani, na hata hao wasikiguse ovyo.

Kuna kosa moja linalowaumiza wengi kuliko kuchagua pesti mbaya. Kando ya chipu kuna vipande laini kama mpira vinavyopeleka joto la chipu za kumbukumbu kwenye shaba. Vikichanika vinahitaji vingine vya unene ule ule. Ukiweka vya milimita 1.5 pahali pa milimita 1, shaba inainuka, haiigusi prosesa vizuri, na mashine inatoka kwa fundi ikiwa ya moto kuliko ilivyoingia. Skrubu nazo mara nyingi zimeandikwa namba 1, 2, 3, 4. Kazeni kwa mpangilio huo, kidogo kidogo, si moja hadi mwisho ndipo nyingine.

Kushusha ubora wa picha au kubana fremu?

Hapa ndipo ninapotofautiana na ushauri unaotolewa kila mahali. Joto likizidi, mtu hukimbilia kwenye mipangilio ya gemu na kushusha vivuli, maji, majani, kila kitu. Kisha anashangaa joto liko pale pale. Sababu ni kwamba chipu ya michoro haijui umeshusha ubora ili ipumzike. Inachojua ni kwamba kila fremu sasa ni nyepesi, basi inatengeneza fremu nyingi zaidi, bado ikiwa kwenye asilimia 99 ya uwezo wake. Mbaya zaidi, prosesa nayo inalazimika kuandaa fremu hizo za ziada, na kwenye mabomba ya pamoja joto la jumla linaweza hata kuongezeka.

Kubana fremu ni kinyume chake: unaiambia chipu ikifika 60 isimame. Kwa fremu 60 kila moja ina milisekunde 16.7. Kama chipu yako inaimaliza kwa milisekunde 9, inabaki imepumzika karibu nusu ya muda, na wati zinashuka papo hapo. Huhitaji kununua kitu wala kufungua skrubu. Magemu mengi yana sehemu ya kubana ndani yake. Kama halina, paneli ya Nvidia, programu ya Adrenalin ya AMD au RivaTuner zinafanya kazi hiyo kutoka nje.

Ukibana kwanza, ndipo kushusha ubora kunapoleta faida, kwa sababu wepesi wa kila fremu sasa unageuka muda wa kupumzika badala ya kugeuka fremu za ziada. Mpangilio ni huo: bana, kisha shusha kimoja kimoja hadi joto likuridhishe. Vivuli ni pa kuanzia, vinakula sana na macho huvikosa kidogo. Ubora wa sura za vitu (textures) uache juu kama kumbukumbu ya chipu inatosha, kwa maana hauongezi joto la kusema.

Anayecheza magemu ya kushindana ya risasi atapinga, na ana haki. Kwenye skrini ya hezi 144, inayobadili picha mara 144 kwa sekunde, tofauti kati ya fremu 60 na 120 inaonekana na inahisiwa mkononi. Kwake ningebana kwenye 100 au 110, namba ambayo mashine inaweza kuishika mwanzo hadi mwisho wa mechi. Fremu 100 zisizotikisika ni bora kuliko 140 zinazogeuka 70 pale adui anapotokea. Na hata asiyetaka kubana ndani ya mechi abane menyu: kuna magemu yanayochora menyu yao kwa fremu mia tatu kwa sekunde, laptopu inanguruma na hakuna kinachoendelea isipokuwa orodha ya maneno.

Kuzima turbo au kupunguza volti?

Zote mbili zinalipunguza joto kabla halijazaliwa, lakini moja inakukata kasi na nyingine, ukiifanya vizuri, haikukati.

Kuzima turbo ni rahisi kupindukia. Kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, weka kiwango cha juu kabisa cha prosesa kiwe asilimia 99 badala ya 100. Hiyo moja tu inatosha kuizuia prosesa isipande juu ya kasi yake ya msingi, na mara nyingi joto lake linaanguka kwa nyuzi 15 au zaidi. Laptopu nyingine huificha sehemu hiyo. Kama gemu lako linategemea zaidi chipu ya michoro, hutaona tofauti kubwa. Kama ni la mikakati, la kujenga miji, au lenye wahusika mamia wanaotembea kwa wakati mmoja, utaiona mara moja na hutaipenda. Ni dawa ya jioni ya leo, wakati unatafuta dawa ya kudumu.

Kupunguza volti kunahitaji subira, na ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote. Kiwanda huipa kila chipu volti za ziada ili hata ile iliyotoka dhaifu ifanye kazi bila kuzima, kwa hiyo yako huenda inapewa kuliko inavyohitaji. Umeme unaotumika kubadili hali za chipu hufuata kipeo cha pili cha volti. Ukishuka kutoka volti 1.0 hadi 0.9 kwa kasi ile ile, sehemu hiyo ya umeme inapungua kwa asilimia 19. Kasi haijaguswa, fremu hazijaguswa.

Kwa chipu ya michoro, fungua Afterburner, bonyeza Ctrl na F upate mstari wa volti na kasi, kisha uulaze mstari kuanzia volti unayoitaka. Shuka hatua ndogo ndogo, cheza nusu saa kila hatua. Ukishuka mno gemu litajifunga au skrini itaganda. Hakuna kilichoungua, washa upya na upande hatua moja. Usiiruhusu programu iweke mipangilio hiyo yenyewe kompyuta inapowaka hadi uwe umeijaribu siku kadhaa, usije ukajifungia nje.

Kwa prosesa mambo ni magumu zaidi. Mwezi Desemba 2019 ulitangazwa udhaifu wa kiusalama ulioitwa Plundervolt, uliotumia mlango huo huo wa kubadili volti za prosesa za Intel, na watengenezaji wengi wakaufunga kupitia BIOS, programu ya msingi inayoiwasha kompyuta. Programu ya ThrottleStop au XTU ya Intel ikikuonyesha sehemu ya volti imezimwa, ndiyo sababu. Hapo geukia kupunguza wati, jambo ambalo ThrottleStop mara nyingi bado inaliweza, au chagua hali tulivu katika programu iliyokuja na laptopu, ambayo kimsingi inafanya vivyo hivyo kwa kitufe kimoja. Ningeanza na kitufe hicho kwa mtu asiyependa namba.

Stendi tupu, stendi ya feni, au kipulizio chenye sponji?

Laptopu nyingi za magemu hunyonya hewa kutoka chini, kupitia tundu lililo milimita chache tu juu ya meza. Inua nyuma yake kwa sentimita mbili au tatu na tayari umempa mgonjwa pumzi. Stendi tupu inafanya hivyo, kitabu chembamba kilichowekwa kwenye ukingo bila kuziba matundu nacho kinafanya hivyo. Anayetoka kitandani ndiye anayepata faida kubwa kuliko wote, kwa sababu godoro na shuka huziba matundu kabisa. Na mapajani usiweke: mbali na kuziba hewa, joto la muda mrefu huacha ngozi na madoa mekundu ya wavu ambayo madaktari wanayajua vizuri.

Stendi ya feni ndogo ndogo inashusha nyuzi chache zaidi ya hapo, na mara nyingi sehemu kubwa ya unafuu uliopatikana ni ya kule kuinuliwa. Ukiitaka, kwanza pindua laptopu uone matundu yako wapi. Feni inayopuliza kwenye plastiki tupu ni pambo. Sioni sababu ya kuichagua mbele ya stendi tupu, na nasema hivyo nikiwa nayo moja kabatini.

Kipulizio chenye sponji ni mnyama mwingine. Kina feni moja kubwa yenye nguvu, na ukingo wa sponji unaoishika laptopu chini bila kuacha mwanya, kwa hiyo hewa yote inalazimishwa kupita ndani ya mashine. Hiki kinaweza kushusha nyuzi kumi au zaidi. Gharama yake ni kelele, ambazo kwenye kasi ya juu zinafanana na mashine ya kukaushia nywele, waya wake wa umeme, na vumbi linaloingizwa kwa nguvu ile ile kama hakina kichujio. Kwa laptopu isiyo na matundu chini hakina kazi. Ningekinunua baada ya kusafisha, kubana na kupunguza volti, nikiwa navaa vipokea sauti na naishi peke yangu chumbani.

Vile vidude vya kubana pembeni vinavyonyonya hewa kwenye tundu la kutokea viruke. Vichache vinaziba vizuri, na vingine vinavutana na feni ya ndani.

Nani achague nini

Mwenye laptopu mpya iliyo chini ya dhamana asifungue kitu kabla ya kusoma masharti yake. Abane fremu, apunguze volti za chipu ya michoro, ainue nyuma. Ikigota kwenye ukomo hata hivyo ndani ya wiki za kwanza, hilo ni la kuirudisha alikoinunua, si la kulitibu mwenyewe.

Mwenye mashine ya miaka mitatu au minne ambayo haijawahi kufunguliwa aanze na vumbi, na kwa kuwa tayari ameshika bisibisi, kama dalili za pesti zipo, aweke karatasi siku hiyo hiyo. Feni inayokwaruza au inayotoa mlio wa chuma haitapona kwa kusafishwa. Beringi zake zimekwisha, na kuibadilisha feni peke yake ni kazi rahisi kuliko ya pesti.

Mwenye laptopu nyembamba ya ofisini anayelazimisha magemu mazito ndiye ningemwambia asinunue chochote. Mapezi yake ni madogo na hakuna pesti itakayoyarefusha. Fremu 40 au 45 zilizobanwa zikatulia zitamfaa kuliko vifaa vitatu vya kupoozea. Akumbuke pia kwamba chumba kikiwa na joto zaidi kwa nyuzi tano, chipu nayo inapanda takribani nyuzi tano kwa mzigo ule ule, hivyo majaribio ya mchana na ya usiku yasilinganishwe.

Kuna hali moja ambapo hakuna cha kulinganisha. Ukiona padi ya kugusia imeinuka, kifuniko cha chini kimetuna au laptopu inayumba juu ya meza iliyonyooka, betri imevimba. Izime, ichomoe kwenye chaja, usiibonyeze irudi, na ipeleke kwa fundi ikiwa imezimwa hivyo hivyo.